Basi la Akina Finlay

Kaka yangu mpendwa Ruairi,

Salamu nyingi zikufikie huko Kanada, wewe, wifi yangu Catriona na watoto. Natumaini kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi hatujambo, ila upepo tu. Juzi umeng'oa mlango wa banda la kuku, na kuku wenyewe wala hawakujali, maana siku hizi wanataga ndani ya basi letu la zamani na kila mmoja ana kiti chake. Baba anasema hao angalau hawalalamikii nauli.

Umeniuliza mara mbili kwa nini Baba hakuwa akienda kumwona Mama. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka kuitia hasira yangu kwenye bahasha. Tangu Mama ahamishiwe nyumba ya wazee mjini, Baba alikuwa akienda tu nilipopata gari la kuazima. Mimi na lile jiko la shule unatujua, sitoki mpaka jioni. Basi lipo, linapita langoni petu kila asubuhi, lakini ni la akina Finlay.

Uliondoka mapema, labda umesahau. Babu alipotoka vitani alifunga mabenchi kwenye lori, akabeba watu mpaka bandarini, na siku ya mnada akayafungua akabeba kondoo. Watu walikuwa wakichungulia benchi kwanza kabla ya kukaa, wasije wakakalia samadi. Baadaye akanunua basi. Halafu kanisa likagawanyika, na baba yake Finlay, aliyekuwa upande wa pili, akanunua basi lake. Tangu hapo watu wa kanisa letu walipanda letu na wa kule walipanda lao. Meli ikifika, mabasi mawili yanasubiri, yote nusu tupu, na mtu yuko radhi kulowa mvua kuliko kuonekana kwenye la wenzake. Halmashauri ilipochoka na mchezo huo ikatoa kibali kimoja tu, akapewa Finlay. Baba akaegesha letu nyuma ya zizi, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga ngazi ya basi la wale watu.

Finlay naye hakuacha desturi. Hapa kwetu kila nyumba husubiriwa, awepo mtu langoni au asiwepo. Kwa hiyo kila asubuhi, miaka yote hii, alisimama kwetu, akafungua mlango, akangoja kidogo, akafunga, akaenda zake. Na Baba kila asubuhi alimgeuzia mgongo.

Baada ya mwaka mpya muuguzi alinipigia simu. Mama alikuwa hali chakula, anautazama mlango tu. Nilimwambia Baba, na adabu niliiweka kando kabisa, kwamba akitaka kuapa aape, lakini Mama atakufa akiwa ameutolea macho mlango, na yeye atabaki na kiapo chake na kuku. Alikwenda kulala bila kumaliza uji.

Kesho yake, Jumanne, akavaa koti la kanisani. Finlay ndiye aliyenisimulia. Anasema Baba alipopanda basi zima liligeuza shingo, na bibi Effie akasema kumbe siku ya mwisho imefika na yeye hajaanua nguo. Finlay alimwambia Baba tu, karibu Torquil, leo umechelewa kidogo. Baba akakaa nyuma yake, na njia nzima akawa anamsahihisha jinsi ya kubadili gia.

Mama hakumtambua. Najua hilo litakuuma, hata mimi liliniuma. Lakini alifurahi kupata mgeni, akamuuliza kwa heshima zote amekuja na usafiri gani. Baba akajibu amekuja na basi la Finlay. Basi Mama akamvuta sikio karibu, akamnong'oneza kwamba hata yeye hupanda hilo hilo, siku za soko, miaka mingi sasa. Huzunguka nyuma ya kilima, akavuka kinamasi, akapandia kwenye lango la jirani. Akamwomba, tafadhali bwana, usije ukamwambia mume wangu.

Baba aliponieleza hayo jioni nilidhani atawaka. Ruairi, alikuwa analia. Akaniambia alijua tangu mwanzo. Si yeye ndiye aliyekuwa akisafisha viatu vyetu vyote kila Jumamosi, ili Jumapili tusiguse kazi? Aliuona weusi wa kinamasi kwenye visigino vya Mama, akausugua, akanyamaza. Alidhani kunyamaza kwake ndiyo hisani. Kumbe mke wake alikuwa anapita topeni, kwenye baridi, na magoti yale, kwa kumwogopa yeye.

Nikamuuliza alimjibu nini Mama. Akasema alimwambia hivi: mumeo nimemwona leo asubuhi, mama, na amesema uwe unapandia pale pale langoni pako, usipite tena topeni. Mama akamuuliza kama ni kweli, maana yule bwana ni mkaidi. Akamwambia ni kweli. Basi Mama akaomba supu.

Sasa anakwenda kila siku, isipokuwa Jumapili. Tuandikie, na wewe mwandikie Baba peke yake, maneno mawili tu yatatosha. Wabusu watoto kwa niaba yetu sote.

Dada yako akupendaye,
Mairead