Bei ya Wiki ya Boni

Ijumaa. Mvua ya alasiri imewahi, nami nina hasira. Naiandika kabla haijapoa, maana hasira yangu ikipoa hugeuka adabu, na leo siitaki adabu.

Wiki iliyopita Mama alipokea boni ya majani chai. Kwa msiotoka huku karibu na kiwanda cha chai cha Itumbe: mkulima hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, kisha mara moja kwa mwaka huja boni, na ni katika wiki hiyo tu wazazi wetu huthubutu kutamka maneno kama kochi, mabati au tangi. Mama alitamka tangi. Amechota maji mtoni tangu kabla sijazaliwa.

Jumatano ya wiki hiyo tulikwenda Kisii mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Ombati, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu la Sabato. Kerubo, mhudumu wa kaunta, alitaja bei: elfu thelathini na sita. Tukalipa, tukapewa risiti, tangi likaletwa nyumbani.

Jumanne hii Mzee Ombati akapiga simu. Hakunipigia mimi, alimpigia Mama. Eti Kerubo alikosea, bei ilikuwa elfu arobaini, na elfu nne zilizobaki zifike kabla ya Sabato, la sivyo atalazimika kulifikisha jambo hilo kwa wazee wenzake.

Hapo ndipo penye uchungu. Mama ameketi kwenye benchi moja la kanisa lile zaidi ya miaka ishirini. Sasa inong'onwe kuwa yeye ni mdeni.

Jana alifungua kitambaa anachofungia pesa. “Omwana one, mwanangu, tumlipe tu tupumzike. Jina likichafuka halifuliwi.”

Nikamwomba siku moja.

Nakiri kwamba sehemu kubwa ya usiku huo nilijishtaki mwenyewe. Ibara ya 46 ya Katiba inamlinda mnunuzi, naijua kwa moyo. Lakini haki haisomwi upande mmoja. Anayetambua kwamba muuzaji amekosea, akanyamaza ili afaidi, ana tofauti gani na mwizi, isipokuwa risiti? Nami pale kaunta nilifurahi bei ilipotajwa. Je, nilijua?

Sikujua. Hata hivyo, nilitaka kuwa na hakika kabla ya kufungua mdomo.

Leo asubuhi nikaenda dukani. Mzee alikuwa hajafika. Kerubo alikuwa akipanga misumari na hakuinua uso.

“Kaka, usiseme ni mimi nimekuambia,” alisema. Thelathini na sita ndiyo bei ya mwaka mzima. Jumatatu ya wiki ya boni Mzee aliwaagiza wafanyakazi waongeze elfu nne kwenye kila tangi. Siku hiyo Kerubo alikuwa hospitalini na mtoto wake. Aliporudi Jumatano hakuna aliyemwarifu, akatutoza bei aliyoizoea.

Kosa lake lote ni kwamba alitutoza bei ya siku zote.

Nimesomea uchumi miaka minne. Sihitaji kufundishwa kwamba mfanyabiashara ana uhuru wa kupandisha bei. Angetuambia arobaini, tungemshukuru na kuvuka barabara kwenda duka la pili. Lakini bei hutajwa wakati mnunuzi bado ana miguu ya kuondokea. Ikitajwa baada ya tangi kusimama uani kwake, hiyo si bei tena, ni faini.

Mzee Ombati akaingia. “Wakili amefika,” akasema, na wateja wakacheka. Anajua vyema sikusomea sheria.

Nilimwamkia kwanza, kisha nikamuuliza, “Mzee, bei ya tangi ilibadilika lini?”

“Duka ni langu, bei ni yangu. Wewe digrii yako imenunua nini? Hata hilo tangi ni la mama yako.”

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli.

“Ni kweli, amelinunua yeye,” nikajibu. “Amelinunua mara moja, na hatalinunua mara ya pili.”

Hapo mama mmoja, aliyekuwa akisubiri mabati yake yapakiwe, akamgeukia Kerubo. “Na haya yangu, dada, bei yake ni ya mwezi uliopita ama ni ya boni?”

Hakuna aliyecheka. Kerubo alitazama misumari. Mzee akafuta kaunta iliyokuwa safi, akasema bila kunitazama, “Tutaonana kanisani.”

Nilidhani Mama atafurahi. Amesema nimemwaibisha mtu mzima mbele za watu, na kwamba vitabu vimenipa ulimi bila kunipa subira. Huenda. Lakini kitambaa amekirudisha sandukuni, kikiwa kimefungwa.

Sijashinda chochote bado. Kesho jina la Mama laweza kutajwa mbele ya wazee, na si mimi nitakayeinamisha kichwa, ni yeye.

Tangu nihitimu sijaingia kanisani. Nilijiona nimesoma mno kwa mahubiri yale. Leo nimepiga pasi suruali na shati jeupe. Kesho ni Sabato, nami nitaketi kando ya Mama, kwenye benchi lake, mahali ambapo kila mtu atatuona. Wakimwita, nitasimama mimi. Nitasimama kwa heshima zote, lakini nitasimama.