Gogo la Samaki wa Memsabu

Jumatatu, 4 Agosti 1952
Leo nimeambiwa nipike gogo. Mimi! Mpishi wa Bwana Mifugo, ninayejua kuoka mkate na kukaanga maini yasiwe soli ya kiatu. Mkewe, Memsabu, ana sanduku la kioo sebuleni, ndani maji na samaki wadogo wa rangi. Hawaliwi. Nimeuliza mara mbili – hawaliwi! Sasa eti wanataka mahali pa kujificha. Nikatumwa korongoni upande wa Mwankoko, nikaokota mzizi mnene ulioletwa na mafuriko ya masika, mkavu, umejipinda vizuri. Memsabu kafurahi. Amesema niusugue, niuchemshe hadi usitoe rangi tena, la sivyo utachafua maji na samaki watakufa. Nikachemshie kwangu, moshi hautaki hapa.
Haya. Jumapili Mwinjilisti Stefano anatutangaza ndoa kanisani, mimi na binti yake Raheli. Wiki hii hata ningeambiwa nipike jiwe ningepika.

Jumanne, 5 Agosti
Magome nimeyatoa kwa kisu, nikasugua kwa brashi ya sakafu. Nimelichemsha kwenye nusu pipa uani tangu nitoke kazini. Maji mekundu kama chai iliyosahaulika jikoni. Jirani yangu Mzee Mughwai akapita na fimbo yake. Shikamoo, marahaba. Akauliza mzizi huu wa nini. Nikamwambia ni wa samaki, wapate pa kujificha. Alicheka mpaka akakohoa.
Sasa ndipo naelewa kicheko chake. Kwetu mwenye dawa hasemi ni ya nini. Ukimwuliza anakupa jibu la kipuuzi. Na mimi nimetoa la kipuuzi kuliko yote!

Jumatano, 6 Agosti
Nimerudi nimwage maji ya jana – hakuna. Pipa limekaushwa. Mlangoni kafungwa kuku, namjua, ni wa Mughwai. Na Mama Dina, yule anayeongoza nyimbo kanisani, anatoka uani kwangu na kibuyu chini ya khanga. Hakushukuru, maana dawa haishukuriwi. Nikamfuata, nikamwambia ni maji ya gogo tu. Akasema ameelewa, hatamwambia mtu.
Kuku nikamrudisha. Mughwai hata kumtazama hakutaka. Dawa ya bure haiponyi, kasema. Nimeweka maji mapya.

Alhamisi, 7 Agosti
Maji yanaanza kuwa meupe. Mimi nafurahi, wagonjwa wananuna. Ndiyo, nimeandika wagonjwa! Wamejaa uani na vibuyu. Mama mmoja analalamika kwamba ya leo ni hafifu, ile kali nimewawekea wakubwa wa boma. Mughwai anasema goti lake lililokakamaa limelegea. Akalikunja na kulikunjua mbele ya watu, mara nyingi, bila haya. Nilipandwa na hasira. Goti la mtu mzima lipone kwa uchafu wa korongo!

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeitwa na Mwinjilisti. Hakunipa kiti. Amesikia nimekuwa mganga. Nikamweleza yote: ni gogo la samaki wa memsabu, linachemshwa lisiwadhuru. Akafikiri sana.
“Samaki hao wanaumwa nini?”
Akasema hampi mganga binti yake, na Jumapili jina langu halisomi. Nikamwomba aje kesho awaone mwenyewe. Kakubali kwa shida.
Sijala. Nampenda Raheli, Mungu anajua, nami namkosa kwa ajili ya kuni.

Jumamosi, 9 Agosti
Gogo halitoi tena rangi, lakini linaelea! Nimelifungia jiwe bapa chini. Memsabu akamkaribisha Mwinjilisti sebuleni, naye Mwinjilisti akavua viatu. Nikalitumbukiza. Likazama, maji yakabaki safi. Samaki mmoja mwekundu akalizunguka, akaingia chini ya tawi, akatulia. Mwinjilisti aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Akacheka! Akaniita mwanangu. Njiani akaahidi kulieleza kanisa zima.
Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 10 Agosti
Alieleza, na vizuri. Samaki, kioo, jiwe. Watu walisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza habari za Ulaya. Akasoma majina yetu, akauliza mwenye pingamizi. Mama Dina akasimama. Hana ubaya na mimi, alisema. Ila mpishi huhama na bwana wake. Tukishaoana tukahama, siri iende nasi? Kwanza nitaje ni mti gani. Kanisa likaguna kumuunga mkono. Mwinjilisti akanigeukia, akasema nitaje tu, tumalize.
Sijui! Mzizi mkavu, hauna jani wala ua, nimeuokota mchangani. Nikasema sijui. Wakacheka wote, wazee kwa watoto. Mwinjilisti hakucheka. Alifunga kitabu, akasema tutasomwa siku nitakayokumbuka.
Sasa ni jioni. Raheli amekuja na dada yake, wamekaa uani karibu na pipa. Nimemweleza tangu mwanzo, polepole, hakuna nililoruka. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo:
“Hata mimi unanificha, Zefania?”
Nimeingia ndani eti natafuta taa, naandika haya nimesimama. Bado anangoja. Nikisema mkwaju, kesho mikwaju yote ya Mwankoko itakuwa uchi, na yeye ataondoka hapa akitabasamu. Nikisema sijui –