Gia Boksi ya Baba

Sharjah

Kwako Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, mguu wa kushoto umeunyoosha kama alivyoagiza daktari, ingawa nakufahamu, pengine inakukuta unapanga magunia. Mama hajambo? Mvua imeshika hapo Ilongero? Mimi ni mzima, ila joto la huku linatoa jasho hata kwenye kope.

Dada Zainabu ameniandikia kwamba pikapu haipandi tena mlima wa Sekenke ikiwa na mpunga wa Shelui. Injini inanguruma, gari limesimama. Anasema unataka kuiuza na kuacha udereva kabisa. Habari hiyo imeniumiza kuliko hata ya mguu. Nilikununulia otomatiki kwa sababu mguu haukanyagi klachi tena, na Baba asiye na usukani mimi simjui.

Sasa nisamehe, maana mtoto hamfundishi baba yake kuendesha. Dada anasema ukiteremka Sekenke bado unazima injini na kuweka free, gari lishuke lenyewe bila gia, kama enzi zako za lori la ushirika, dizeli ilipokuwa ya kutafuta kwa tochi. Otomatiki haitaki hivyo. Injini ikizimwa, pampu ya gia boksi haizunguki, oili haifiki, na sahani za ndani, zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, zinaungua. Kosa ni langu. Nilituma gari bila kukuambia hilo, kwa kuwa wakati ule nami sikujua.

Nimepata seti ya kuimarisha gia boksi: sahani mpya, springi ngumu zaidi na vali. Kwanza nilijifunzia kwenye pikapu ya karakana yetu, inayofanana na yako. Siku mbili nilikuwa chini ya gari. Nilipomaliza kufunga, nikaona gololi moja ya chuma, ndogo kama njegere, imebaki mezani. Nikaitia mfukoni kimya kimya, sikufichi. Gari likawaka, nikatia gia ya nyuma, halikwenda popote. Msimamizi wetu, mzee Anwar, hakufoka. Alinyoosha mkono tu, nikampa gololi. Nikafungua kila kitu upya huku yeye akinywa chai na kunitazama kwa raha zake.

Mara ya pili gia ziliingia vizuri mpaka nikacheka peke yangu. Mzee akauliza nani ataifunga yako huko nyumbani. Nikamjibu kuna fundi mmoja pale Mwankoko.

"Huyo fundi anajua gololi inakaa wapi?"

Kwa hiyo seti hii simpi mtu akuletee. Miaka sita nimekuwa nikiwatumia vitu. Safari hii ninakuja navyo mwenyewe. Ruhusa nimeomba na nimepewa, nitafika kabla ya kuvuna alizeti. Tafadhali usiuze gari, wala usikubali mtu alifungue.

Nisalimie Mama, mwambie nimekonda kidogo tu, asianze kulia nikishuka kwenye basi. Msalimie dada, mwambie asante kwa kuniambia ukweli, na shemeji, mumewe, anayeita otomatiki gari la kike. Yeye nitampangia siku yake.

Gia boksi nitaifunga mimi, Baba. Lakini tukitoka Shelui na mzigo, Sekenke utapandisha wewe, nami nitakaa pembeni nimenyamaza.

Mwanao akupendaye,
Hamisi