Jagi za Ruracio ya Wambui

Mama Wambui,

Nimekusingizia. Wacha niseme mapema kabla sijaogopa. Nimekusingizia mbele ya wakwe zako, na wewe huko uliko huwezi kunijibu, na unajua vile ulikuwa unajibu!

Tangu tukuzike, mashine yako ya jagi naishika mimi. Jumamosi iliyopita ilikuwa ruracio, wakwe walileta mahari ya Wambui wako. Sisi wa kiwanda tulisema, mama yake hayuko, basi tumpelekee jagi za kunawisha wageni, zile angavu kama kioo. Na nani alijipiga kifua akasema, "Hiyo wachieni Mutua"? Ni mimi.

Unaijua baridi ya Julai hapa Nyeri. Ukungu unaingia mpaka stoo, na zile chembechembe za plastiki zinavuta unyevu. Ulinifundisha zikae kwa draya zikauke tangu alfajiri, kifuniko kimefungwa, ndipo ziyeyushwe. Mimi nikachomoa draya, nikachomeka koili ya maji ya chai. Soketi ni ile ile moja. Chai ikanoga, hadithi zikanoga, nikasahau kurudisha. Jagi zikatoka na michirizi ya rangi ya fedha, kuanzia pale plastiki inapoingilia hadi mdomoni. Niliiona, Mama. Nikajiambia macho ya wageni yatakuwa kwa nyama ya mbuzi tu.

Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja wa Karatina, aliinua jagi kwa mwanga akauliza, "Ati hii ilioshwa kweli?" Hema lote likageuka. Wambui amesimama na taulo begani, macho chini. Na mdomo wangu huu ukasema, "Ni moldi hiyo, chuma cha kuumbia jagi. Mama Wambui aliiacha na mikwaruzo."

Ushindwe, Mutua! Wazee wakasema basi, marehemu asisumbuliwe, watu wakaendelea kunawa.

Na si ati sikujua. Uliniambia tena na tena mpaka nikachoka: alama ya moldi hukaa pale pale kwa kila jagi, lakini ikihamahama, hayo ni maji ndani ya plastiki. Ukiona weusi wa kuungua, hewa imekosa pa kutokea, safisha matundu. Mkono wa jagi ukibonyea, wewe umeachilia presha ya mashine mapema. "Usilaumu chuma kabla hujajiangalia," halafu kikofi cha kisogo. Zile jagi ukiziweka mbili pamoja, hata mtoto wa nasari ataona michirizi haifanani.

Sasa sikia kilichonimaliza. Nilitengeneza zingine, safi, nikazipeleka nyumbani kwenu Skuta nibadilishe kimyakimya. Wambui akanirudishia zile mbaya zote isipokuwa moja. Ilikuwa juu ya kabati, ameiwekea maua. Akasema, "Hiyo niachie, Mutua. Mkono wa mama uko hapo." Akapitisha kidole kwa ile michirizi, polepole, akitabasamu. Nikasema sawa. Nikatoka hata bila kuaga vizuri.

Aibu gani hii, Mama Wambui? Siku hizi wakikutaja kazini najifanya nafagia.

Nimefikiria kunyamaza. Inamfariji, si ndiyo? Nani atakufa? Lakini anapapasa uvivu wangu akidhani ni wewe, na wewe hungeruhusu jagi kama hiyo itoke mlangoni, hata ya kunyweshea kuku. Siwezi. Nimejaribu na siwezi.

Basi pumzika, mwalimu wangu. Kesho nikitoka kazini napitia Skuta, nimwambie kila kitu nikiwa bado nimesimama mlangoni. Akinifukuza, ni haki yake. Halafu nitamwachia ile jagi yetu ya nyumbani, uliyoitoa kwa mashine wewe mwenyewe ukatupatia nilipooa. Mke wangu amekubali, ameiosha tayari. Nimeigeuza kwa mwanga jioni yote nikitafuta alama hata moja, na hakuna. Nitamwambia, Wambui, huu ndio mkono wa mama yako.

Mutua