Namba Mbili za Ipyana

Hamburg

Kaka Ambakisye,

Ugonile. Mgongo wa mama umepata nafuu? Na mpunga, maji yamewaachia kitu? Mimi ni mzima wa mwili, basi. Nakuandikia kwa sababu simu ungenikatia kama juzi, uliposema: "Onyo la dhoruba lifike Matema nzima, lisifike kwa Ipyana peke yake? Simu alikuwa nayo mkewe. Alilifuta mwanamke yule, akamwacha mdogo wetu apande mtumbwi akafie ziwani."

Hakulifuta. Halikutumwa.

Unajua ofisi yetu ndiyo iliyotengeneza programu ya maonyo hayo. Programu inauliza saraka ya wakazi, kisha mstari mmoja wa lugha ya kompyuta, Python, unaunda orodha ya namba za kutumiwa. Mstari huo niliuandika mimi. Kwa Kiswahili unasema: pitia kila mtu, chukua namba yake, mradi iwe imehifadhiwa kama maandishi. Sharti hilo la mwisho nililiongeza kwa kuwa programu ilikwama kila ilipokuta kitu kisicho maandishi. Ikaacha kukwama, nikasifiwa.

Sikuuliza vitu hivyo ni nini. Ni watu, kaka. Mwenye namba moja, saraka inamtoa kama maandishi. Mwenye mbili, inamtoa kama orodha, na mstari wangu unamruka kimya. Kwetu nani ana namba mbili? Kila anayeuza ng'ambo ya ziwa, mwenye laini ya kwetu na ya Malawi. Ipyana, aliyepakia vyungu vya kuvusha pale ufukweni Lyulilo. Mimi, mzaliwa wa Kyela, nilisahau hilo!

Mkuu wangu anasema, "Programu haikutoa kosa lolote."

Nikamjibu, "Ndiyo hatia yake. Ingekwama, tungejua."

Anataka ninyamaze. Sinyamazi.

Nasikia Jumapili ukoo unakaa kumrudisha Subilaga, mke wa Ipyana, kwao Ikombe na kumnyang'anya watoto. Kwa lipi? Ninyi watu wa kanisani mnamhukumu mjane kwa ujumbe ambao haukuwahi kuwapo! Mstari nimeurekebisha, sasa unapokea orodha pia. Haumfufui mtu.

Nisalimie mama, shemeji mkeo, na shangazi anayefanya biashara ya kokoa. Barua hii isome yote kwa sauti, Subilaga akiwa ameketi sebuleni pamoja nanyi, si jikoni. Ukifika kwenye jina langu, usilimeze.

Mdogo wako, niliyeuandika mstari ule,
Lwitiko