Sekunde Tisa za Mwanzo

Nunguni,
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Kwa dada yangu mpendwa Wayua,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. Natumai zinakukuta mzima huko Nuu, wewe na watoto wa darasa lako, na kwamba joto halijakumaliza. Shuleni tulifunzwa kuandika kwamba mimi pia ni buheri wa afya. Sina homa, nakula. Hayo mengine utayasoma mbele. Baba anakusalimia. Siku hizi akitoka shambani anakaa kwenye kile kistuli cha jikoni cha Mwaitu, mama yetu, na hakuna mtu anamwambia ainuke.

Utashangaa ni barua na simu iko. Unakumbuka Jumapili ile nilikupigia nikakuuliza kama mvua imefika Nuu, halafu nikasema salio linaisha? Salio lilikuwepo, Wayua. Wewe unajua vile niko. Karatasi hainiangalii. Nampa Mama Shiru, anayepeleka maparachichi Mwingi, na ameahidi kumpa mtu wa pikipiki anayekuja huko kwenu. Ndani ya bahasha kuna kitu kidogo nimekifunga kwa plastiki. Tafadhali usikitupe.

Habari za shule ni kwamba ile ziara ya ramani ya mwalimu Githaiga iko karibu kukamilika. Sijui kama nilikueleza vizuri wakati wa matanga, watu walikuwa wengi. Ni ramani ya mto wetu Kyandue kwenye kompyuta, kuanzia chemchemi huku juu mpaka chini ya Mukuyuni. Mtu hata akiwa ng'ambo anaufuata mto kama ndege, na akifika penye alama nyekundu anabonyeza, video inafunguka. Anaona matuta ya kuzuia udongo, anaona miti tuliyopanda kingoni, anaona pale malori yalichota mchanga mpaka mwamba ukabaki uchi kama mfupa. Alama ya saba ni bwawa la mchanga la akina Mwaitu wa mwethya, kile kikundi chao cha kazi za pamoja. Mwalimu alinipa mimi simu yake nipige picha kwa sababu ndimi peke yangu niliyekataa kuongea kwenye video. Alisema kila filamu inahitaji mtu mmoja wa kunyamaza.

Hiyo Jumamosi ya tarehe sita Septemba tuliteremka mtoni na Mwaitu mapema. Wamama walinicheka sana. Mmoja aliuliza kama huko kwenye ramani wazungu wataona leso yake imetoboka, mwingine akataka nimngoje apake mafuta usoni. Mwaitu aliwaambia waniache, kwamba mimi hata mbuzi akinitazama nageuza uso, kwa hivyo wakinitania nitarekodi majani. Walichimba mtaro tangu asubuhi, wakiutafuta mwamba ili ukuta ujengwe juu yake, mvua ikija ilete mchanga na maji yajifiche ndani. Fundi wao ni Kivuva, si unamjua, yule hupima kila kitu kwa nyayo zake. Saa sita aliweka kiganja kwenye ukingo wa mtaro, akasema mchanga unatoa jasho. Akaamuru watu wote watoke na mtu asishuke tena mpaka alete mbao za kuegemeza. Akawasha pikipiki akaenda Mukuyuni. Wamama wakapanda juu kivulini kula muthokoi.

Yaliyofuata unayajua vile nilivyoyasema, kwa sababu ni mimi tu nilikuwa karibu. Nilisema Mwaitu alishuka kuchukua beleshi, ukingo ukamporomokea. Wamama walimchimbua kwa mikono na kwa sufuria. Kivuva alipofika alitupa mbao, yeye pia akaingia kuchimba, kucha zikamtoka. Walipomfikia Mwaitu alikuwa bado ameshika beleshi la mpini mwekundu, na mpini mwekundu hapa kwetu ni wa Kivuva peke yake.

Basi watu wakamaliza sentensi yangu. Beleshi ni la nani? La Kivuva. Basi aliyemtuma ni nani? Yeye akasema hakumtuma mtu, kwamba alikataza. Wengine walimsikia akikataza, lakini sasa hakuna anayetaka kuonekana anamtetea. Na wewe, dada, siku ya kaburi ulimwonyesha kidole ukasema, wewe ndiye umemla mama yangu. Nilikuwa nimekushika mkono. Uliposema hivyo niliukaza mkono wako, nawe ukaukaza wangu, ukadhani ni kwa sababu moja.

Sasa kanisani hakuna anayekaa benchi lake. Tangi lake la maji mtu ameliandika MUUAJI kwa rangi ya nyumba. Kazi hapewi. Alileta gunia la mahindi hapa kwetu na Baba akamwambia alirudishe. Alilibeba tena mgongoni akapanda nalo kilima chote, na mimi nilikuwa dirishani. Jumamosi hii mwethya wanakutana mtoni, na naibu chifu atakuwepo, wamwondoe kabisa kikundini. Wanasema wewe utakuja kuongea kwa niaba ya familia. Ndiyo sababu lazima barua hii ifike kabla.

Keti kwanza, Wayua.

Mwaitu hakushuka kuchukua beleshi. Mimi ndiye nilimwambia ashuke.

Wamama walipokuwa wanakula niliangalia simu nikakuta asubuhi yote haiko. Nilikuwa nimeanza kubonyeza kinyume. Nikidhani ninarekodi, nilikuwa nimezima. Nikidhani nimezima, ilikuwa inarekodi. Kwa hivyo hakuna mama hata mmoja akichimba, ila njia, nyasi na ndani ya mfuko wangu wa sketi. Niliona haya. Nilifikiria mwalimu, nikafikiria wamama wakicheka mpaka wamwage chakula. Sikuweza kuwaomba warudie. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye simwonei haya. Nikamwita pembeni.

Ile video ya alama ya saba uliyoonyeshwa na mwalimu wakati wa matanga, ukaibusu ile simu, inaanza Mwaitu akiwa tayari ndani ya mtaro. Anainua beleshi mara tatu, anatazama kamera, anasema maji ya mchangani jua haliyaoni. Watu wote wanaipenda. Lakini haianzi hapo. Nilikata sekunde tisa za mwanzo. Ndani ya hizo sekunde ninasikika nikimwambia ashuke kidogo tu, ya asubuhi haikushika. Yeye anasema Kivuva amekataza. Mimi nasema ni dakika moja, na achukue lile la mpini mwekundu, linaonekana vizuri kwa kamera. Halafu anacheka. Anasema, haya bosi. Nimekisikiliza hicho kicheko mara nyingi, Wayua. Ni cha furaha. Miaka kumi na miwili tangu dada yake aliyenizaa aniache mlangoni kwenu, hakuwahi kunisikia nikimwamuru mtu kitu. Alishuka kwa sababu alifurahi.

Aliposema yale maneno ya jua nilizima. Niliinamisha kichwa kuangalia kama imeshika. Nilisikia kitu kama gunia likianguka kutoka kwa punda. Sikuona. Nilikuwa naangalia simu.

Sikuombi unisamehe kwa barua, hiyo ni rahisi sana kwangu. Sijamwambia Baba bado. Nitamwambia Ijumaa jioni, nikimpelekea chai, ili asiyasikie mara ya kwanza mbele za watu. Jumamosi nitasimama pale mtoni na nitaifungua ile video nzima, waisikie sauti yangu. Nimekuwa nikifanya mazoezi mbele ya mbuzi. Wa kwanza aliondoka. Baadaye nitampelekea Kivuva brashi na rangi ya tangi, na akitaka kunifukuza anifukuze. Kuhusu alama ya saba, nitamwomba mwalimu afanye vile wewe utakavyosema, iwe ni kuitoa ama kurudisha zile sekunde tisa. Ningeomba tu mto usiruke kutoka sita hadi nane kana kwamba hapo hapakuwa na mtu.

Kile kitu kidogo ni memori kadi. Nakala ya video nzima iko humo, usiifungue ukiwa peke yako. Lakini kuna nyingine kumi na moja, zile za kubonyeza kinyume, na hizo nakuomba ufungue. Picha zake ni mchanga tu na miguu yetu minne tukiteremka. Yeye anaongea njia nzima. Kila tunayekutana naye anamwambia mwalimu wake wa Nuu anafunga shule lini.

Ya tano isikilize mpaka mwisho. Siku ya kumvisha kwa mazishi, ulipokipata kile kitenge cha manjano ulichomnunulia, bado kiko kwa karatasi ya duka, ulilia ukasema hakukipenda. Humo nilikuwa nimemuuliza mbona hakivai. Akasema moshi wa jikoni utakiharibu. Akasema anakiweka mpaka siku maji yatapita juu ya ukuta mara ya kwanza, asimame ng'ambo, ukija kutoka Nuu umwone kutoka mbali. Na wale wa ramani nao, akasema, wamwone mama wa mwalimu.

Hakukikataa, Wayua. Alikuwa anangojea maji.

Wasalimie watoto wa darasa lako. Mungu akulinde njiani ukija. Kama hutaki kunikuta nyumbani, mwambie Mama Shiru, nami nitajua.

Ni mimi, mdogo wako, kama bado,
Ndunge