Damu ya Siku ya Homa

Dada Tusekile,

Nimekaa sebuleni kwako Madibira, juu ya kiti, miguu nimeipandisha kwenye stuli. Ungeniona ungecheka: "Amba, umekuwa bibi harusi, hukanyagi chini?" Sikanyagi, dada. Sakafu hii ya udongo ndiyo iliyokuua. Na mimi, na vitabu vyangu vyote, nilikuja hapa miaka na miaka, nikala wali wako, nikakusema.

Ndiyo, nilikusema. Homa yako ilikuja, ikaondoka, ikakaa wiki bila kuonekana, ikarudi. Mimi Iringa, kwenye simu, najua kila kitu: "Humalizi dozi wewe! Ukipata nafuu unaviweka vidonge kabatini." Ukajibu taratibu, "Nimemaliza, mdogo wangu." Sikukuamini. Uso wako ulipopinda upande mmoja, majirani wakasema umerogwa, nikaandika makala nzima gazetini kuwashambulia waganga. Watu waliisifu. Wewe uliposomewa ulisema tu, "Huyu akisoma kitabu kimoja anakuwa daktari." Homa ya nne ikakuchukua.

Kilichotufungua macho ni msiba wako. Tulilala chini siku tatu kama desturi, mikeka kutoka ukuta hadi ukuta. Wiki iliyofuata tuliolala humu tukaanza kuanguka mmoja mmoja. Huzuni hiyo, wakasema. Mwanao Neema akaanguka, na mimba yake ya miezi saba. Kipimo cha haraka cha malaria kikasema hana. Homa ikashuka, watu wakashukuru, wakarudi shambani.

Mimi nilirudi Iringa, na homa ikanikamata huko. Nilifika hospitali natetemeka. Mama mmoja wa maabara akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kukuuliza: "Ulilala wapi?" Akapaka damu yangu kwenye kioo, akaniita nichungulie kwenye hadubini. Nikaona vitu kama nyuzi zilizojikunja, katikati ya chembe za damu. Homa ya papasi. Papasi ni kupe wadogo wanaojificha kwenye nyufa za sakafu, wanatoka watu wakilala, wanafyonza, wanarudi. Huhisi hata wakikuuma.

Nikamwambia habari zako, hadi uso uliopinda; akasema homa hii huupooza. Akauliza, "Alipimwa akiwa na homa, au ikiwa imeshuka?"

Gari la kwenda hospitali ya Chimala lilikuwa linakutikisa, kwa hiyo kila mara ulisubiri upate nafuu ndipo usafiri. Mimi mwenyewe nilikushauri hivyo! Ulifika na damu ya siku nzuri, na damu ya siku nzuri haioneshi kitu. Wakakuandikia dawa ya malaria, wakakurudisha.

Nilimpigia Neema kutoka pale pale kwenye benchi la maabara. Homa ilikuwa imemrudia asubuhi hiyo. Akasema, "Mjomba, leo siwezi, ngoja nipate nafuu ndiyo nije." Maneno yako. Sauti yako! Nikampigia kelele mbele ya wagonjwa: "Njoo hivyo hivyo unavyowaka!" Mumewe akatafuta gari. Alifika amelegea, jasho limelowanisha kitenge, na nyuzi zile zikaonekana kwenye kioo chake. Sindano ya kwanza ilimtetemesha vibaya, lakini muuguzi alikuwa ametuonya, akakaa naye. Leo ni wiki ya tatu bila homa. Mtoto anapiga mateke.

Kwa hiyo nitulie? Situlii. Viungo vyangu vinauma hadi leo, sikio la kushoto linavuma, na hakuna anayejua kama ni mabaki ya ugonjwa au ni umri. Nimesoma. Ugonjwa huu una ndugu yake Ulaya na Marekani, unaitwa Lyme, unaletwa na kupe. Huko nako watu wametibiwa, wakabaki na maumivu, wakaambiwa wanajitungia. Wao angalau wana watafiti wanaogombana juu yao. Juu yako aligombana nani? Juzi wamekuja vijana wawili wa chuo na tochi na vijiko, wakakwangua nyufa chini ya kitanda chako. Nikawauliza watatupa lini kipimo cha kukamata ugonjwa hata siku isiyo na homa. Mmoja akanitazama machoni, akasema, "Hatujui, mzee." Nimempenda kwa hilo. Mimi sikuwahi kukwambia sijui.

Arobaini yako nimegombana na ukoo mzima. Nilikataa mtu kulala humu. Nilikodi viti, tukakaa uani. Shangazi Ngwise akanisuta mbele ya wote: "Unamlilia dada yako juu ya kiti kama uko benki?" Nikalia hivyo hivyo, juu ya kiti. Yeye alikuwa mmoja wa walioanguka, lakini hadi leo anasema ilikuwa huzuni.

Kwaheri, dada. Kesho fundi anaichimba sakafu hii. Mjukuu wako atatambaa juu ya saruji, hilo nakuahidi. La pili ni gumu zaidi kwangu: mtu akiniambia anaumwa, nitanyamaza kwanza, nimsikie.

Ulimaliza dozi, dada. Nakuamini.

Mdogo wako,
Ambakisye